Mtani wa Ramiro

Lori lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa likipanda mlima wa Kitangari kwa gia ya kwanza, na kila lilipofika kona injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo, kisha ikanguruma tena kama mtu anayebishana na mkewe. Mimi nilikuwa chini ya mashine ya maji, mikono imejaa grisi. Bila kuinua kichwa nikajua mambo mawili: klachi ya lori hilo ilikuwa imekwisha, na dereva wake alikuwa Halfani wa Lindi, kwa sababu katika Jimbo zima la Kusini hapakuwa na dereva mwingine aliyeweza kuitesa klachi kiasi kile na bado akafika.

Liliposimama mbele ya nyumba ya mashine, Halfani akashuka akijinyoosha mgongo.

"Edmund, nimekuletea mgeni," alisema. "Toka Lindi mpaka Masasi, toka Masasi mpaka hapa, tumezungumza neno moja. Mimi nasema maji, yeye anakunywa. Basi."

Akazunguka upande wa pili akamshika mkono mwanamke wa Kizungu, mzee, mwembamba, aliyevaa gauni jeusi mpaka vifundoni katika jua la Oktoba. Kichwani alijifunga kitambaa cheusi. Hakututazama. Alitazama nyuma ya lori, ambako wapagazi wawili walikuwa wakiteremsha sanduku jipya la bati, refu kama mtoto wa miaka kumi, lenye mishikio miwili ya chuma.

Mwalimu Cuthbert alikuwa amekwisha kufika. Huyu alikuwa mkuu wa shule ya misheni na msomaji wa sala kanisani. Mimi alinifundisha miaka sita na kunifukuza siku moja. Alipokea barua kutoka kwa Halfani, akaisoma kimya, halafu akatusomea kwa sauti, kwani wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya maji walikwisha kuacha madebe yao na kusogea.

Barua ilitoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Newala. Ilisema mama huyu ni mzazi wa marehemu Ramiro Cebrián, Mhispania, aliyekuwa fundi wa mashine ya maji Kitangari. Ametoka kwao kwa meli. Serikali imempa ruhusa kufukua mifupa ya mwanawe na kuirudisha kwao. Kaburi lichimbuliwe kesho saa mbili asubuhi, maana meli inang'oa nanga Lindi siku ya Ijumaa.

Severina, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga foleni ya maji na ambaye hata askari walimwogopa, alijifuta mikono kwenye kanga, akasogea mbele ya yule mama, akapiga goti.

"Shikamoo, Mama Lamilo."

Wamakonde hawana haja na herufi ya re. Lakini yule mama alishtuka kama aliyeguswa bega. Mwanamke wa pili akapiga goti, "Shikamoo, Mama Lamilo," na wa tatu, na wa kumi. Kila kinywa kilimtajia mwanawe, naye aligeuza uso huku na huku, asijue kwa nini watu hawa wote wanamtafuta Ramiro kwake yeye.

Mimi nilisimama na spana mkononi, nimekasirika. Kaburi lile lilikuwa na deni langu, na sasa lilikuwa linaondoka.

Ramiro alikuja Kitangari mwaka wa hamsini na mbili, mashamba ya karanga ya Nachingwea yalipofungwa. Wengine walirudi Ulaya. Yeye alikuja kutunza mashine inayosukuma maji toka bondeni mpaka juu ya uwanda, ili wanawake wa Newala wasishuke tena maili nane na mtungi kichwani. Alikuwa mfupi, mnene kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno yote lakini yamekaa mahali pasipo pake.

Siku ya kwanza mzee Bwanali, mwenye shamba la mikorosho iliyoizunguka mashine, alimwuliza ametoka kabila gani. Ramiro akajibu kwamba nchi yao imepakana na Wareno, kuna mto katikati, na watu wa huku na wa kule huchekana tangu zamani.

Bwanali alitafakari. "Wareno nasi tunao, ng'ambo ya Ruvuma," alisema. "Jirani yetu na jirani yenu ni mmoja, na sote tunamcheka. Basi nyinyi ni watani zetu."

Hukumu ikawa imetolewa. Toka siku ile uwanda mzima ulimtania Ramiro, na mimi, Mmakua wa Masasi niliyeshinda naye kazini, nilikabidhiwa kuwa mtani wake wa karibu. Nilimficha viatu. Alinyang'anya tonge mkononi mwangu. Aliniita mla panya, mpaka siku Severina alipomlisha samaki nchanga bila kumwambia kwamba samaki huyo hukamatwa shambani na ana miguu minne na mkia. Alipoelezwa, aliomba sahani nyingine, na mimi nikapata la kumwimbia mwaka mzima.

Na alinifundisha lugha yake. Tulianza na maneno ya kazi: nafungua, nafunga, napiga nyundo. Hayo yalichukua wiki mbili. Halafu adhuhuri moja, mashine imepozwa, akachukua chaki na kusimama mbele ya pipa la dizeli.

"Sasa nakufundisha kinachonifaa mimi," alisema. "Cha mambo yaliyokuwa yakifanyika. Kwetu nilikuwa nikifanya hivi, mama alikuwa akifanya vile. Sina mtu wa kumsimulia."

Akaandika *cantar*, kuimba. Akafuta mkia wa neno kwa kidole, kama unavyovua tairi kwenye gurudumu, akabaki na *cant*. Kisha akavisha mkia mpya. *Cantaba*, nilikuwa nikiimba. *Cantabas*, wewe. *Cantaba*, yeye. *Cantábamos*, sisi. *Cantabais*, nyinyi. *Cantaban*, wao.

"Mimi na yeye tunafanana," nilisema.

"Tunafanana. Unatazama nani anasemwa."

"Basi lugha yenu ni bahili. Sisi tunasema alikuwa akiimba, maneno mawili."

"Yenu ina domo," alisema, akageukia upande wa pili wa pipa. *Comer*, kula: *comía, comías, comía, comíamos, comíais, comían*. *Vivir*, kuishi: *vivía*, na mikia ileile. Makundi mawili tu, na kila kitenzi kinakwenda na kundi lake kama watoto wa shule. Nikamwuliza vitenzi vikorofi ni vingapi, maana Kiingereza cha Mwalimu Cuthbert kilikuwa navyo ukurasa mzima, na karibu kila kimoja kilinipatia kiboko.

"Katika haya ya zamani, vitatu."

"Vitatu kwa leo?"

"Vitatu katika lugha nzima. Vingine vyote vina adabu."

Nilicheka kwa furaha. Lugha ambayo mambo ya jana yamenyooka hivyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili yangu. Tena mikia yake ilikuja na vina tayari. Mimi ushairi sikufundishwa na mtu. Nilihesabu mizani kwa vidole peke yangu nikichunga mbuzi wa baba, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hairuhusiwi kuchanganya. Jioni ile ile nikamtungia ubeti, nikauimba mbele ya wateka maji:

Asubuhi *trabajaba*,
Alasiri *descansaba*,
Jioni ndipo *cantaba*,
Siku zake za kuishi.

Alikuwa akifanya kazi, alikuwa akipumzika, alikuwa akiimba. Ramiro alisema ni uongo, kwamba alasiri hakuwahi kupumzika kwa sababu ya kunisahihisha mimi. Lakini aliuandika kwenye ukuta wa nyumba ya mashine, na toka siku ile kila kitenzi kilichokuja nilikifunga kwenye ubeti, mpaka nikawa na beti arobaini na mbili na sina kitenzi chenye adabu kinachonishinda.

Mwalimu Cuthbert alinikuta nikizikariri njiani. "Kihispania kitakupa cheo gani, Edmund?" aliniuliza. "Hata posta ya Newala haikijui." Nilimjibu kwamba hata mimi posta hainijui, na bado nipo. Hakulipenda jibu hilo.

Mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa Novemba, nilianguka kutoka juu ya lori lililopakia mabomba, nikavunjika mguu. Wiki sita nililala hospitali ya Mkomaindo, mguu umefungwa na kuning'inizwa. Katika wiki ya tatu Ramiro alishikwa na homa, na siku ya nne akafa. Walimzika nyuma ya nyumba ya mashine, chini ya mikorosho ya Bwanali. Mwalimu Cuthbert alisoma sala, na alizisoma vizuri, kila mtu aliniambia.

Lakini mtani hakuwapo.

Kwetu mtu hazikwi na wanaolia tu. Lazima awepo mtani, asiyelia, anayevaa kofia ya marehemu, anayetembea kama yeye, anayesema ulafi wake na hasira zake, anayelala mahali pake na kukataa kutoka mpaka akombolewe. Wafiwa wacheke. Wakishacheka, basi marehemu amekwenda, na matanga yanaweza kuanuliwa.

"Matanga ya Lamilo bado," Bwanali aliniambia niliporudi na mkongojo wangu. "Kofia ninayo. Tunakusubiri wewe."

Nilisema sawa. Mara tatu nilimwendea kuichukua ile kofia, na mara tatu nilifika mlangoni pake nikageuza maneno, nikaomba moto wa sigara. Mimi mwenye beti arobaini na mbili, nilikuwa nikikosa hata mmoja wa kumchekea. Karibu mwaka mzima ulipita hivyo.

Sasa jioni ile ya Jumanne yule mama alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kaburi, na sanduku la bati liko wazi miguuni pake. Mwalimu Cuthbert alisimama karibu naye akimwambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba mwanawe alizikwa kwa heshima. Mama hakuelewa hata neno. Alikuwa akijisemea mwenyewe, chini chini, huku akifuata mistari ya kiganja chake kwa kidole.

Nilisogea. Nikasikia.

"*Vivía solo*," alikuwa akisema. "*Comía solo. Trabajaba solo.*"

Sikutafuta maana, maana ilinijia yenyewe, na mikia yake yote. Alikuwa akiishi peke yake. Alikuwa akila peke yake. Alikuwa akifanya kazi peke yake. Mama huyu alivuka bahari na sanduku kwa sababu hiyo: kumwondoa mwanawe mahali ambapo hakuwa na mtu.

"Mwalimu," nilisema, "anasema Ramiro alikuwa akila peke yake."

"Usimsumbue mama wa watu na maneno yako ya kuokota."

"Lakini si kweli. Ramiro hakuwahi kula peke yake hata siku moja. Sahani yake ilikuwa na mikono minane."

"Edmund, huyu ni mfiwa. Kesho asubuhi atachukua alichokuja kuchukua. Kaa mbali."

Uongo mdogo ninaweza kuuvumilia. Huu ulikuwa uongo juu yetu sote, juu ya Severina na sahani zake, juu ya Bwanali, juu ya kila tonge nililonyang'anywa. Na kesho saa mbili ungesafiri kwenda Hispania ndani ya bati, na huko ungekaa milele, hakuna wa kuusahihisha. Nililoshindwa mwaka mzima, sasa niliweza kwa hasira.

Nilikwenda kwa Bwanali mbio, kwa mguu wangu mbovu. Hakuniuliza kitu. Alinipa kofia.

Niliivaa kama Ramiro alivyokuwa akiivaa, imelalia sikio la kushoto. Nilirudi nikitembea kwa miguu yake mifupi, tumbo mbele, nikimtukana njiani kila mkorosho. Wanawake waliniona kwanza, na madebe yakaanza kutua. Nilipita mbele ya Mwalimu, nikapita mbele ya mama, nikaingia ndani ya sanduku la bati nikalala chali. Magoti yalibaki nje.

Nikakoroma. Ramiro alikoroma kwa awamu tatu: kwanza kama msumeno, halafu kimya cha kutisha, halafu mlio mwembamba kama filimbi. Nilizitoa zote tatu.

"*Roncaba*," nilisema nikiwa nimefumba macho. Alikuwa akikoroma.

Nilisikia kiti kikianguka. Mama alikuwa amesimama.

"Edmund, toka humo sasa hivi," Mwalimu alisema. Sauti ilikuwa ileile ya siku aliyonifukuza shule.

"Mwache, Mwalimu," Bwanali alisema nyuma yake. "Huyo yuko kazini."

Nilifumbua macho. Mama alikuwa ameinama juu yangu, uso mweupe kama karatasi, mkono umeinuliwa, na nilijua kwamba huenda atanipiga, na kwamba akinipiga kila kitu kimekwisha. Sikuwa na njia ya kurudi nyuma. Niliketi sandukuni, nikachukua sahani hewani, nikakata tonge hewani, nikalipuliza. Nikalipuliza tena, mashavu yamevimba, macho yamekazwa, kama Ramiro alivyokuwa akipuliza ugali wa muhogo uliokwisha kupoa tangu asubuhi.

"*Soplaba*," nilisema. "*Ramiro soplaba.*"

Mkono wa mama ulibaki palepale juu. Halafu ulishuka ukaziba mdomo wake.

"*Gritaba*," nilisema, alikuwa akifoka, nikaigeukia nyumba ya mashine na kuitukana kama alivyokuwa akiitukana, nikiiita nyumbu, mvivu, binti wa nyumbu. Matusi hayo niliyajua vizuri kuliko vitenzi. Mabega ya mama yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka, alicheka kwa kujizuia, kisha akashindwa kujizuia, akashika mti.

Basi wanawake wakaingia. Mwaka mzima walikuwa wamefungiwa kicheko hicho.

"Mwambie alivyokuwa akicheza sindimba," Severina alisema.

"*Bailaba*," nilimwambia mama, na Severina akaonyesha, kwa sababu hilo halihitaji tafsiri. Alicheza kama Ramiro, kiuno kimekataa na miguu imekubali. Hata wapagazi wa Halfani walikaa chini kwa kucheka.

"Mwambie alivyokuwa akinywa pombe yangu ya uraka, halafu anasema ni dawa ya tumbo."

"*Bebía.*"

"Na barua. Mwambie kila Jumapili alikuwa akiandika barua, anatusomea, hatuelewi kitu, anasoma mpaka mwisho."

"*Escribía*," nilisema. "*Leía.*" Alikuwa akiandika. Alikuwa akisoma. "Kwetu," nikaongeza, nikionyesha sote kwa mkono.

Hapo mama aliacha kucheka. Alikaa chini ardhini, kando ya sanduku, uso wake sawa na wangu, akaniuliza neno kwa neno ili nisikose: *¿Con quién comía?* Alikuwa akila na nani?

Nilijibu kwa mkia wa sisi. "*Comíamos*," nilisema. Tulikuwa tukila. Nikamgusa Bwanali, nikamgusa Severina, nikajigusa kifua, nikawaonyesha wale wanawake mmoja mmoja. "*Comíamos. Trabajábamos. Cantábamos.*" Kila neno nilipolitoa Bwanali aliitikia kwa kichwa, ingawa hakulijua, kama shahidi barazani.

Mama alimtazama kila niliyemgusa. Alichukua muda. Mwisho alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake, akaninyooshea mkono ili nitoke.

Sikutoka.

"Hatoki bure," Bwanali alimweleza kwa Kimakonde, polepole, kama kwamba upole ungemsaidia kuelewa. "Mtani anakombolewa."

Nilikusanya nilichokuwa nacho. Nikamwambia mama kwamba mimi na Ramiro tulikuwa tukitukanana kila siku, kwamba ndiyo desturi, kwamba ninataka kulipwa. Nilipomwona anatafuta kibeti nilitikisa kichwa. "*Ramiro, niño*," nilisema. Ramiro mtoto. Alikuwa akifanya nini? Nilipe hayo.

Alielewa. Nakumbuka alivyolaza mkono kwenye ukingo wa sanduku kama kwenye ukingo wa kitanda, akaanza.

Aliongea mpaka jua likaingia kwenye majani. Nami nilikaa ndani ya bati nikatafsiri, sentensi kwa sentensi, bila kukwama. Kila kitenzi kilipofika nilikitambua kwa mkia wake, hata vile vitatu vikorofi, ambavyo vilipita vimejificha katikati ya wenzao nikavifungulia mlango vilevile. Maneno mengine sikuyajua, aliyachora mchangani. Ramiro mtoto alikuwa akipulizia hata maji baridi, kwa sababu bibi yake alimwunguza ulimi kwa mchuzi. Alikuwa akilala na nyundo ya baba yake. Alikuwa akiogopa kuku. Hapo Severina alilazimika kushikwa, maana Ramiro mtu mzima alikuwa akiwaogopa kuku vilevile, akitwambia ni mizio. Kila kicheko kilipopanda mama aliningoja nimalize kutafsiri, kisha akatoa kingine, na sauti yake ilikuwa ikinenepa.

Alipokwisha nilitoka sandukuni. Bwanali alinivua kofia, akamvisha mama juu ya kitambaa cheusi. Ikalalia sikio la kushoto.

Asubuhi, saa mbili, watu wanne walikuja na majembe. Mama alitoka nyumbani kwa Mwalimu alikolala, bado na kofia. Alikwenda kaburini akasimama pale muda mrefu akiwa ameshika ukosi wa gauni. Halafu akawageukia wale wanne, akatikisa kichwa, na kwa mikono miwili akasukuma hewa kuelekea njiani: nendeni.

Akamwita Severina, akampa sanduku.

"Nitaweka unga," Severina alisema, akigonga bati kwa kifundo cha kidole. "Panya wa Kitangari sasa watalala njaa."

"Mimi nimelibeba toka Lindi," Halfani alisema. "Milima yote ile. Kumbe nabeba pipa la unga la mtu."

"Ulibeba na klachi mbovu, hukulalamika."

Nilikuwa chini ya lori, namtengenezea hiyo klachi, nilipoona viatu vya Mwalimu Cuthbert vimesimama karibu na kichwa changu.

"Ulijifunza kwa muda gani?" viatu viliuliza.

"Miezi minne, Mwalimu. Kwenye pipa."

"Pipa lipo?"

"Lipo. Mvua imefuta."

Kisha Mwalimu alichuchumaa, mzee wa miaka sitini na mavazi yake meupe, mpaka akaniona uso.

"Uniandikie kwenye karatasi," alisema. "Yale makundi mawili. Nataka kuyatazama."

Nilimwambia nitamwandikia, na kwamba atapata na beti zake arobaini na mbili apende asipende. Alisema beti ataangalia kwanza. Nikarudi kwenye klachi, na sitaficha kwamba nilifunga boliti zile huku nikiimba kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni ya maji.

Saa nne lori lilikuwa tayari. Uwanda wote ulikuwa umekuja: kutoka Newala, wengine kutoka njia ya Tandahimba, watu waliosikia usiku kwamba mama wa Lamilo amecheka. Walimletea mizizi ya ming'oko iliyochemshwa, korosho zilizobanguliwa, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mama alipomwona kuku alinitazama mimi tukacheka wawili tu.

Alipanda mbele. Alishusha kioo. Alionekana mdogo ndani ya lile lori, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. Si kuondoka, bali kumwacha. Akanishika kifundo cha mkono kilichojaa grisi. Aliniuliza kwa maneno mepesi, na ingawa alitumia mkia ambao Ramiro hakuwahi kufika kunifundisha, macho yake yalinifundisha palepale. Nani atakuwa naye?

Nilimjibu kwanza kwa lugha yake, kwa kubahatisha. Halafu nikapanda juu ya ngazi ya lori, nikasema kwa Kiswahili ili Bwanali asikie, na Severina, na Mwalimu Cuthbert, na uwanda wote uwe shahidi, huku nikimtazama yeye:

"Mama Ramiro, kila mwaka siku kama ya jana nitakuja hapa nimvalie kofia kama hiyo uliyovaa, nimkoromee, nimtukane mbele ya watu mpaka wacheke, na siku nitakapokufa atakuja mwanangu, na huyo nitamfundisha mikia yote, ili mwanao asile peke yake hata siku moja."